Mshahara Haujaingia: Kupambanua Kosa la Mfumo na Kosa la Ofisi

Mwongozo huu umeandikwa kwa maafisa utumishi, wahasibu, walimu wakuu na wakuu wa vituo vya afya wa Unguja na Pemba ambao, ingawa hawana ruhusa ya kuingia katika mfumo wa mishahara, ndio wanaoulizwa kila mwisho wa mwezi kwa nini mshahara haujaingia au umeingia pungufu. Jibu lililo karibu na ulimi ni kwamba mfumo unasumbua. Jibu hilo huenda likawa kweli, lakini mara nyingi huwa halijapimwa, na tatizo ambalo halijapimwa halina wa kulitatua, awe fundi wa kompyuta au Katibu Mkuu.

Kinachoitwa mfumo ni safari ndefu yenye vituo vingi. Mshahara huanzia kwenye barua ya ajira, ya uhamisho au ya kupandishwa daraja, barua huingia katika jalada la mtumishi, afisa utumishi hujaza fomu ya mabadiliko, fomu huidhinishwa, huingizwa kwenye kompyuta na kuhakikiwa, kompyuta hukokotoa mishahara ya watumishi wote kwa mkupuo mmoja, orodha hukaguliwa na kutiwa saini, fedha hutolewa, faili la malipo hupelekwa benki, na benki huziingiza fedha katika akaunti. Katika hatua zote hizo ni ukokotoaji peke yake unaofanywa na mashine bila ya mkono wa mtu. Hatua nyingine zote zina mtu, tarehe na muhuri, na kwa hiyo zinaweza kuulizwa.

Swali la kwanza, basi, ni la kuhesabu: walioathirika ni wangapi, na wanashirikiana katika jambo gani? Programu ikikosea huwakosea wote waliofanana katika jambo lile lililoikosesha, wawe ni wote wa daraja moja, wote waliozaliwa kabla ya mwaka fulani, au wote ambao mshahara wao umevuka kiwango fulani. Akiwa ameathirika mwalimu mmoja wa Micheweni ilhali wenzake sita wa daraja lile lile katika skuli ile ile wamelipwa sawasawa, uchunguzi uanze kwenye karatasi zake, na fundi wa kompyuta aachwe kwanza na kazi zake.

Hakuna aliyelipwa

Dalili hii ndiyo inayozusha zogo kubwa zaidi, na ndiyo iliyo nyepesi zaidi kuchunguza. Uliza kama mkupuo wa mwezi huu umeshakokotolewa, na lini. Kila ukokotoaji huacha nyuma yake tarehe, idadi ya watumishi na jumla ya fedha. Vitu vitatu hivyo vikiwepo, mashine imeshamaliza kazi yake na ucheleweshaji uko mbele yake: kwenye saini, kwenye kutolewa kwa fedha, au benki. Mhasibu anayeweza kukutajia jumla ya mishahara ya mwezi huu hawezi papo hapo kudai kwamba mfumo haufanyi kazi, kwa kuwa jumla hiyo ameipata kwenye mfumo huo huo. Kama fedha hazijatolewa, hilo ni suala la mapato na vipaumbele, na linastahili kusemwa kwa jina lake, hata kama kulisema ni kuzito kuliko kuitaja kompyuta.

Zipo nyakati ambapo miundombinu huwa ndiyo yenye kosa. Unguja hupata umeme wake kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza lilirudi kwa kiasi cha miezi mitatu. Pemba, ambayo kabla ya hapo ilitegemea majenereta, iliunganishwa na waya kutoka Tanga mwaka 2010. Hitilafu ya namna hiyo haihitaji ushahidi wa mtaalamu, kwa sababu taa huwa zimezimika hadi kwa jirani. Kinachohitaji kuulizwa ni maandalizi: nakala rudufu ya mwezi uliopita imehifadhiwa wapi, na je, ofisi ina ruhusa iliyoandikwa ya kulipa kwa dharura kwa kurudia faili la mwezi uliotangulia, kisha tofauti zikarekebishwa mwezi unaofuata? Ruhusa hiyo ni karatasi moja tu. Ofisi isiyokuwa nayo itakwama hata ikipewa sava mpya, kwa kuwa siku ya dharura hakuna atakayethubutu kutia saini.

Kuna aina ya pili ya dalili hii ambayo haiwagusi watumishi wote, ila huitoa idara nzima katika orodha. Itazame zaidi mwezi wa Julai, unapoanza mwaka mpya wa fedha, na itazame baada ya uchaguzi, wizara zinapounganishwa na kugawanywa upya. Kila mtumishi hufungwa kwenye kifungu cha bajeti. Idara inapohamishiwa wizara nyingine, kifungu cha zamani hufungwa. Kama kipya hakijafunguliwa, au kimefunguliwa lakini watumishi hawajahamishwa, kompyuta itawaacha nje wote kwa pamoja, na itakuwa imetii ilichoamriwa. Chanzo ni tangazo lililotoka kabla ya wanaotunza vifungu kupewa muda wa kujiandaa.

Mtumishi mmoja hakulipwa, wenzake wamelipwa

Anza na jina. Kwetu mtu hutambulishwa kwa majina matatu, lake, la baba na la babu, na majina yenyewe hujirudia mno. Kupata watumishi wawili wa wizara moja wenye majina matatu yaliyolingana si jambo la kushangaza. Juu ya hapo kuna tahajia. Khamis huandikwa Hamis, Othman huwa Osman, Ali huwa Ally, na Mwanakhamis huandikwa pengine neno moja na pengine maneno mawili. Cheti cha kuzaliwa kina tahajia moja, kitambulisho cha Mzanzibari kina nyingine, na kadi ya benki ina ya tatu. Mtu anayesoma huelewa kuwa huyo ni mmoja. Kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi haielewi hivyo, na haifai ielewe, kwa sababu siku itakapoanza kukisia majina ndiyo siku itakayompa mtu mshahara wa mwenziwe. Dawa ni namba ya utumishi na namba ya kitambulisho kutangulia jina katika kila karatasi.

Jina lisipolingana, benki huyakataa malipo na fedha hurejea zilikotoka. Kwa hiyo usiulize kama mshahara umetumwa, maana jibu litakuwa ndiyo, na litakuwa la kweli. Uliza ipatikane orodha ya malipo yaliyokataliwa na benki mwezi huu. Orodha hiyo hutolewa, huwa na sababu ya kukataliwa mbele ya kila jina, na kwa jinsi ninavyoona mimi ndiyo karatasi yenye manufaa makubwa kuliko zote katika ofisi ya mishahara, na ndiyo inayosomwa kidogo kuliko zote.

Baada ya jina, itazame namba ya akaunti na njia iliyopita. Mara nyingi taarifa za watumishi hukusanywa wilayani kwa jedwali la Excel kabla ya kupelekwa makao makuu, na hapo ndipo maafa madogo madogo hutokea. Excel, isipoambiwa kwamba safu fulani ni maandishi, huichukulia namba ya akaunti kuwa ni hesabu: sifuri ya mwanzo hufutwa, na tarakimu zote baada ya ile ya 15 hugeuzwa sifuri. Tarehe nazo zina balaa lake. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma 5/7 kuwa ni Mei 7, ilhali aliyeandika alikusudia Julai 5. Ikikutana na 25/7 hushindwa kuisoma kuwa ni tarehe na huiacha kama maandishi matupu. Matokeo yake ni jedwali ambalo baadhi ya tarehe zake zimebaki zilivyoandikwa na nyingine zimepinduka, bila ya onyo lolote la kuonyesha ipi ni ipi. Watu husema mfumo umekula namba, na kumbe namba ililiwa njiani, kabla haijaufikia mfumo, katika kompyuta ya mtu aliyekuwa akifanya kazi kwa bidii.

Kama jina na akaunti viko sawa, itazame tarehe. Chukua fomu ya mabadiliko, utafute muhuri wa kupokelewa, na uulinganishe na siku orodha ilipofungwa. Fomu iliyopokelewa siku moja baada ya kufungwa itasubiri mwezi mzima. Jambo hili huwapata zaidi wanaohamishwa baina ya visiwa viwili: mtumishi anayetoka Chake Chake kuja Mjini hutolewa katika orodha ya huko kwa barua ya Afisa Mdhamini, yaani mwakilishi wa wizara huko Pemba, na huku huingizwa kwa fomu ya ofisi inayompokea, na baina ya karatasi mbili hizo kuna bahari, siku za mapumziko, na mara nyingine jalada lililosahauliwa juu ya meza. Akitolewa kabla ya kuingizwa, hukosa mwezi. Akiingizwa kabla ya kutolewa, hulipwa mara mbili, kisha hukatwa kwa nguvu miezi inayofuata, na hapo ndipo hasira inapokuwa kubwa zaidi. Inatosha ofisi mbili zikubaliane kwamba hakuna kumtoa mtu mpaka upande wa pili uthibitishe kwa maandishi mwezi atakaoanza kulipwa huko.

Amepandishwa daraja lakini analipwa ule ule wa zamani

Hapa pana matatizo mawili yaliyovaa nguo moja, na ni lazima yatenganishwe. La kwanza ni barua kuchelewa. La pili ni malimbikizo kutokokotoleka. Barua iliyoandikwa kwamba daraja jipya linaanza Januari, ikafika kwenye meza ya mishahara mwezi wa Juni, imechelewa kwa sababu za kibinadamu, na mfumo haukuwa na habari nayo. Lakini baada ya kufika, mfumo mkongwe unaweza kweli ukashindwa kufanya linalotakiwa. Programu nyingi za zamani huhifadhi kiwango cha sasa tu. Ukiingiza kipya, cha zamani hufutika. Kukokotoa tofauti ya miezi mitano iliyopita kunahitaji historia ya viwango, historia ya makato, na kanuni za kodi na za mchango wa hifadhi ya jamii zilizokuwa zikitumika kila mwezi. Asipokuwa nazo, mhasibu hukaa na kikokotoo na kalamu, mtumishi mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo ukisikia kwamba malimbikizo yamekwama kwa sababu ya mfumo, lichukue hilo kwa uzito, kisha uulize la pili: ni wangapi wanaosubiri, na barua zao zilichukua muda gani tangu kutiwa saini hadi kufika? Kama kila barua inachelewa miezi mitano, hata programu bora kabisa itakuwa inazalisha malimbikizo kila mwezi.

Mabadiliko ya kima cha chini yanaonyesha jambo hili kwa upande mwingine. Mwaka 2017 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma Zanzibar kilipandishwa kutoka shilingi 150,000 hadi 300,000. Kuiambia kompyuta kwamba asiwepo mtu chini ya kiwango fulani ni kazi ya muda mfupi. Kazi iliyo ngumu ni kuamua awekwe wapi aliyekuwa amekaa kazini miaka 15 na kufika karibu na kiwango hicho kipya kwa nyongeza za kila mwaka, ambaye sasa analingana na aliyeajiriwa jana. Huo ni uamuzi wa sera, na unatakiwa uandikwe kwenye jedwali la viwango kabla ya fundi kugusa kitu. Jedwali lisipofika kwa wakati, kuchelewa kutaitwa kwa jina la kompyuta.

Kiasi kilichoingia ni cha ajabu

Mtumishi anayestahili 1,050,000 amelipwa 50,000. Hapa, hatimaye, mashine ni mtuhumiwa wa haki. Programu nyingi za mishahara za kizazi cha zamani duniani ziliandikwa kwa COBOL, lugha iliyobuniwa mwaka 1959 kwa ajili ya hesabu za ofisi na ambayo bado inaendesha malipo katika nchi nyingi. Katika COBOL mwandishi hutangaza mapema kila namba itakuwa na nafasi ngapi. Akitangaza nafasi sita, na mshahara ukafika milioni moja na elfu hamsini, tarakimu ya kushoto kabisa hukosa pa kukaa na hukatwa, na kama mwandishi hakuweka tahadhari, programu haitoi onyo lolote. Nchi ambazo sarafu zake zina sifuri nyingi zina kila sababu ya kulichunguza hilo mapema, kwa kuwa nafasi zilizotosha miaka 30 iliyopita hazitoshi leo.

Kipimo chake ni kile kile cha kuhesabu. Wote waliovuka milioni wakipatwa na upungufu wa milioni kamili, kosa ni la nafasi za tarakimu. Wote wanaokaribia kustaafu wakipata tarehe za ajabu, shuku mwaka ulioandikwa kwa tarakimu mbili. Tofauti ikiwa ni ya senti chache kwa kila mtu, na ikiwa imeanza baada ya kuletwa programu mpya, inawezekana programu hiyo inatunza fedha kwa hesabu za sifuri na moja, ambazo hukadiria sehemu za desimali badala ya kuziandika kwa usahihi kamili. COBOL, kwa uzee wake wote, hutunza senti kwa usahihi kamili, na katika jambo hili yule mkongwe ndiye mwenye nidhamu.

Aliyefariki au kustaafu bado analipwa

Kompyuta haihudhurii maziko. Mwezi Machi 2016 Rais John Magufuli aliagiza uhakiki wa watumishi hewa Tanzania Bara, na kufikia Mei walikuwa wameshabainika zaidi ya 10,000. Hakuna programu iliyowazaa watu hao. Waliendelea kulipwa kwa sababu taarifa ya kifo, ya kustaafu au ya kuacha kazi haikupelekwa, au ilipelekwa ikazuiwa, au jina liliingizwa na mtu aliyejua kuwa halina mwenyewe. Mfumo unaweza kusaidia kwa kukataa akaunti moja ya benki kutumiwa na watumishi wawili, na kwa kumsimamisha kila anayefikisha umri wa miaka 60 mpaka pawepo idhini. Zaidi ya hapo, chombo kilichowahi kushinda vyote ni mkuu wa kituo kutia saini kila mwezi kwamba waliomo katika orodha yake anawaona kwa macho, na kuwajibika kwa saini hiyo.

"Haiwezekani, mfumo haukubali"

Hii ndiyo dalili inayostahili kuchunguzwa kwa subira kubwa, kwa kuwa ndani yake siasa na ufundi huwa vimechanganyika kiasi cha kushindwa kutenganishwa na mtu aliye nje. Kisa kinachoeleza vizuri zaidi ni cha jimbo la California nchini Marekani. Julai 31, 2008, bajeti ya jimbo ikiwa haijapitishwa, Gavana Arnold Schwarzenegger alitia saini amri ya kuwalipa watumishi wapatao 200,000 kima cha chini cha shirikisho tu, yaani dola 6.55 kwa saa, mpaka bajeti ipatikane. Alikuwa na msingi wa kisheria: mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilikuwa imeshatoa hukumu kwamba bila ya bajeti, mtumishi hawezi kudai zaidi ya hapo. Mdhibiti wa fedha wa jimbo, John Chiang, ambaye ofisi yake ndiyo iliyolipa mishahara, na ambaye alichaguliwa na wananchi kwa kura zake mwenyewe na alitoka chama kingine, alikataa. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba programu ya mishahara, iliyoandikwa kwa COBOL miongo kadhaa nyuma, isingeweza kubadilishwa kwa muda usiopungua miezi sita.

Kila upande uliitumia mashine. Gavana aliweza kutoa amri kali akijua kwamba lawama za utekelezaji zingemwangukia mwingine. Mdhibiti aliweza kuikataa amri asiyoipenda bila ya ubishi kuwa wa kisiasa mtupu. Mwaka 2010 amri kama hiyo ilitolewa tena, safari hii kwa dola 7.25, na mahakama ya rufaa iliona kuwa gavana ana mamlaka hayo, lakini ikaliacha wazi suala la kama kutekelezeka kunawezekana. Baadaye jaji wa mahakama ya chini hakumlazimisha mdhibiti kutekeleza mara moja. Ninavyosoma mimi, Chiang alisema kweli kuhusu programu. Kuzigeuza rekodi 200,000 zenye mikataba tofauti, saa za ziada, makato na misamaha, kisha kuzirudisha zilivyokuwa pamoja na malimbikizo yake, si kazi ya wiki moja. Lakini ukweli huo ulimfaa mno, na hoja ya kiufundi inayomfaa mtoaji wake kiasi hicho hudai ushahidi mkubwa zaidi, hata ikiwa ni ya kweli.

Kwa afisa wa Wete au wa Mjini anayeambiwa kwamba mfumo haukubali, kuna maswali yanayofaa kuulizwa kwa maandishi. Ni sehemu gani ya programu inayozuia, na nani ameichunguza? Kazi ya kuibadilisha inakadiriwa kuchukua muda gani, na makadirio hayo yametolewa na fundi au na msemaji? Je, liliwahi kufanyika jambo linalofanana nalo, kama posho mpya au kato jipya, na lilichukua siku ngapi? Swali la mwisho ndilo lenye makali. Mfumo ambao mwaka jana ulipokea kato jipya la mkopo ndani ya mwezi mmoja, na mwaka huu unadaiwa kushindwa kupokea posho ya mazingira magumu, una maelezo ya kutoa.

Ifahamike pia kwamba fundi anaweza akawa ndiye anayedhulumiwa katika mchezo huu. Aprili 2020, maombi ya mafao ya wasio na kazi yalipofurika huko New Jersey, Gavana Phil Murphy aliomba hadharani wajitokeze watu wanaojua COBOL, na dunia nzima ikaamini kuwa kompyuta ya zamani ndiyo iliyoanguka. Baadaye mwanahistoria mmoja wa kompyuta alieleza kwamba sehemu iliyolemewa ilikuwa tovuti ya mbele ya kupokelea maombi, iliyoandikwa kwa lugha mpya zaidi. Aliyekuwa ndani ya chumba cha mashine alilijua hilo tangu mwanzo, lakini hakuwa na kipaza sauti.

"Dawa ni kununua mfumo mpya"

Huenda ikawa ni dawa. Ila kabla ya kutia saini mkataba, visomwe visa vitatu. Kanada ilizindua mfumo wake wa mishahara uitwao Phoenix mwezi Februari 2016 kwa ajili ya watumishi karibu 300,000, ukiwa umebeba zaidi ya kanuni 80,000 za malipo. Nafasi 1,200 za washauri wa mishahara waliozijua kanuni hizo zilikuwa zimefutwa, na kazi ikakusanywa katika kituo kimoja cha Miramichi chenye watu wachache zaidi. Wako waliolipwa kupita kiasi, wako waliopunjwa, na wako waliokosa kabisa, kwa miaka. Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo aliuita mradi huo mwaka 2018 kuwa ni kushindwa kusikoeleweka. Idara ya afya ya Queensland, Australia, ilizindua wake Machi 2010, na tume ya uchunguzi ya mwaka 2013 ilitaja gharama ya jumla inayofikia dola za Australia bilioni 1.2. California yenyewe, baada ya kelele zote za COBOL, ilivunja mwezi Februari 2013 mkataba wa kuleta mfumo mbadala, ikiwa imeshatumia takriban dola milioni 250, baada ya majaribio kwa watumishi wa ofisi ya mdhibiti mwenyewe kutoa makosa mengi. Mkongwe aliyedharauliwa akaendelea kulipa.

Kinachoonekana katika visa vyote vitatu ni kwamba kanuni za malipo hazikuwa zimeandikwa kikamilifu popote isipokuwa ndani ya programu ya zamani na ndani ya vichwa vya watu wachache. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwakalisha wahasibu wakongwe, hasa wanaokaribia kustaafu, na kuandika kila posho, kila kato na kila msamaha wanaoufanya kwa mazoea. Kazi ya pili ni kusafisha rekodi, kwa kuwa majina yenye tahajia tatu yakihamishiwa kwenye mfumo mpya yatabaki na tahajia tatu. Kisha mifumo miwili iende sambamba kwa miezi kadhaa, na kila tofauti ya shilingi itafutiwe maelezo kabla ya ule wa zamani kuzimwa. Mkandarasi atalalamika kwamba hatua hiyo inaongeza gharama. Anasema kweli, na ni gharama ya kulipwa.

Namna ya kuandika lalamiko

Barua inayosema "naomba kufahamishwa kuhusu tatizo la mfumo" itajibiwa kwamba tatizo linashughulikiwa. Andika namba ya utumishi kabla ya jina. Taja mwezi wa malipo, kiasi kilichotarajiwa na kiasi kilichoingia. Taja tarehe ya muhuri wa kupokelewa fomu na uambatanishe nakala. Eleza wangapi wengine wameathirika na wanalingana katika nini, au useme wazi kuwa ni wewe peke yako. Omba ujulishwe ni katika hatua gani kati ya kupokelewa fomu, kuingizwa, kukokotolewa, kuidhinishwa, kutolewa fedha na kupokelewa benki ndipo jambo lilipokwama, na nani anayeishughulikia hatua hiyo. Kwa aliyeko Pemba, nakala moja iende kwa Afisa Mdhamini na nyingine kwa kitengo cha mishahara cha wizara husika Unguja, zote mbili zikiwa na tarehe moja, ili pasiwe na upande utakaosema kuwa unasubiri wa pili.